Bi Shariffa na Wabovu Watatu wa Fainali

Bi Shariffa aliwajua watu kuanzia chini. Kwanza vidole, kisha kisigino, kisha namna mtu anavyouvua mguu wake: kwa haya, kwa haraka, au kwa kuurusha kama aliyechoshwa nao. Mwisho kabisa, ukipatikana muda, uso. Miaka saba nyuma ya kaunta ya viatu, katika ukumbi wa bouling, mchezo wa kubingirisha mpira mzito uangushe pini, pale Al Khuwair, Maskati, ilimfundisha kwamba uso hudanganya na mguu hauwezi. Mkubwa wa ofisi huingia anazungumza na simu mbili, kanzu imenyooka, halafu anavua kiatu cha thamani na ndani yake imo soksi yenye tundu. Hapo hapo Bi Shariffa humsamehe kila kitu.

Hakuna anayeruhusiwa kukanyaga zile mbao zinazong'aa na kiatu chake. Kila mtu huazimwa viatu vya ukumbi, vyenye soli laini na namba kubwa nyekundu nyuma ya kisigino. Namba imeandikwa kubwa namna ile makusudi, ili mtu asione raha ya kwenda navyo nyumbani.

"Namba ngapi?" ndiyo sentensi aliyoisema kuliko zote katika miaka hiyo saba. Na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu Bi Shariffa aliwahi kuwa sauti.

Alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na mama yake. Alipokua alipata kazi ya kuunganisha simu katika ofisi moja, mtaa wa pili tu kutoka hapo ukumbini. Miaka ishirini na mbili alikaa katika chumba kisicho na dirisha, akiuliza watu asiowaona wanataka kuzungumza na nani. Alikuwa na sauti ya maji yanayomiminwa gilasini. Mzee mmoja wa kijiji cha Yiti alipiga kila Jumapili kuulizia kiwanja ambacho alikwishapewa zamani na kukijenga, ili aisikie sauti ile tu. Kisha ikaletwa mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Siku ya kwanza ya kustaafu, Bi Shariffa aliipigia kutoka nyumbani kwake Al Amerat. Aliisikiliza mpaka mwisho, chaguo zote tisa, kisha akabonyeza sifuri kuzungumza na mhudumu. Simu ililia, ikalia, na hakuna aliyepokea. Alijua kwa nini. Mhudumu alikuwa yeye.

Kwa hiyo Mwalimu Nasriya alipokuja kaunta siku ya Jumapili, hakujua anagusa nini.

Mwalimu Nasriya, mwalimu wa michezo, ndiye msimamizi wa mashindano ya bouling ya wasichana wa shule za sekondari. Siku za mashindano ukumbi hufungwa kwa wanaume. Hata Kyeyune, fundi Mganda wa mashine zinazosimamisha pini, hufungiwa huko huko nyuma ya pini na chupa ya chai mpaka mambo yaishe. Mtangazaji lazima awe mwanamke, na mtangazaji waliyekuwa naye ameolewa Salalah.

"Bi Shariffa," Mwalimu alisema, "fainali Jumamosi. Wasichana watatu. Unawajua?"

"Nnawajua mpaka kucha."

"Basi nirekodie maelezo mafupi ya kila mmoja, nani ana nguvu gani, niwapelekee wazazi kwenye simu zao kabla ya siku. Wazazi wakiridhika, maiki yako. Si Jumamosi tu. Msimu mzima."

Bi Shariffa alishika ukingo wa kaunta. "Na wasiporidhika?"

"Nnampa mwalimu wa hesabu."

Mwalimu wa hesabu alijulikana kwa sauti yake. Hata akisoma kadi ya harusi, ungedhani anaita majina ya waliofeli.

Jioni ile, viatu vimekwisha kupuliziwa dawa, Bi Shariffa alirekodi. Kila alichokiona kwa miaka alikitia mle. Alisema Sabah ana mkono wa kulia ulionyooka kama neno la mtu mkweli, ila hasira zake ziko karibu. Alisema Thuraya ni mdogo kuliko mpira wake, naye huuachia polepole hata ukaweza kumaliza finjani ya kahawa kabla haujafika, lakini ukifika hauachi kitu. Na Velma, aliyempenda kuliko wote, alisema: "Huyu akiachia mpira husikii mpira. Unasikia pini zikijuta."

Alimsikilizisha Namuddu, msichana wa Uganda anayefuta mbao na kuzipaka mafuta. Namuddu aliacha kufuta.

"Mama Shariffa, hii nzuri sana. Mimi hata nataka kuogopa."

"Ndo unavyotakiwa."

Lakini asubuhi yake, kabla hajaituma, aliingia Bi Zuwena, mama yake Sabah. Hakuja kucheza. Alikuja na abaya yake, miwani yake ya jua na pumzi fupi fupi.

"Bi Shariffa, nimesikia unataka kumtangaza mwanangu."

"Nnamtaja tu. Yumo fainali, ntamfichaje?"

"Mtaje. Lakini mtaje vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Mwaka jana mtu kamsifu nywele, wiki ya pili zilikuwa zinaanguka viganjani mwangu. Mwaka juzi kasifiwa sauti, kashikwa na kikohozi mpaka Idi. Leo umsifie mkono? Mkono huo huo ndo anaoandikia mitihani!" Akainama juu ya kaunta. "Sema mbovu. Sema kabahatisha. Na kama lazima usifu, msifu Thuraya. Yule ana bibi yake, na bibi yake anajua kusoma dua."

Bi Shariffa hakushangaa. Mama yake mwenyewe alimlea akimwita "kibaya changu" mbele za watu, na alikuwa na miaka tisa ndipo alipoelewa kwamba hilo lilikuwa pendo. Mtoto anayesifiwa ni nguo mpya iliyoanikwa barabarani. Aliyepita atatia mkono. Alikubali.

Bi Zuwena hajafika kwenye gari, simu ikalia. Bi Muzna, bibi yake Thuraya.

"Shariffa, mwanangu, mie mtu mzima, nna mjukuu mmoja tu."

"Nnakusikia, Bi Muzna."

"Sema anachechemea. Sema kidole kinamuuma. Uwongo wenyewe mdogo, ntauombea msamaha mwenyewe. Na msifu yule wa Zuwena. Mama yake ana kifua, atastahamili."

Kwa hiyo Jumanne Bi Shariffa alirekodi upya, kwa sauti ile ile ya maji yanayomiminwa.

"Wapendwa wazazi, fainali ya mwaka huu inawakutanisha wabovu watatu. Sabah ana mkono uliopinda, na namna alivyofika fainali hata yeye hajui. Thuraya anachechemea; mpira wake hutambaa, na siku nyingine hurudi nyuma."

Akafika kwa Velma. Mama yake Velma, Jerusha, Mkenya anayefanya kazi kliniki ya meno hapo hapo Al Khuwair, hakuja kuomba chochote. Labda kazi zimembana. Labda, mgeni maskini, hana wa kumwambia. Bi Shariffa alimwonea huruma, na kwa kuwa Velma ndiye aliyekuwa bora, akaona ndiye wa kukingwa zaidi. Alimpa kinga ya bure, ya daraja la kwanza.

"Velma," alisema, "hutupa mpira kama mtu anayetupa taka barabarani, haangalii wala hajali. Pini zikianguka, zimeanguka zenyewe kwa huruma."

Akatuma, akajisikia mtu mwema.

Bi Zuwena alijibu kwa dua ndefu. Bi Muzna alituma picha ya maua na chombo cha halua. Saa sita mchana mlango ukafunguliwa, akaingia Jerusha na sare yake ya kliniki, barakoa imening'inia sikio moja.

"Madam Shariffa, Velma wangu alikukosea wapi?"

"Hajanikosea kitu, bibi."

"Ati kutupa taka! Mimi nilituma hiyo sauti kwa grupu ya familia kabla hata sijaisikiza. Nikaandika 'Sikizeni vile binti yetu anasifiwa Maskati.' Nyanya yake huko Meru amesikia. Anko Josphat amesikia. Pasta amesikia!"

"Lakini nimemkinga!" Bi Shariffa alisema. "Wenzio wameniomba. Wewe nimekufanyia bila ya kuombwa."

"Kumkinga na nini?"

"Na jicho."

"Jicho la nani?"

"La watu."

"Watu gani? Mimi hapa sina hata mtu wa kunionea wivu, nawatafuta! Kwetu mtoto akifanya vizuri anasimamishwa mbele ya kanisa, anapigiwa makofi mpaka anaona haya. Wewe umemzika akiwa na miaka kumi na sita!"

Namuddu, aliyekuwa na dekio njia ya tatu, alisema taratibu kwamba kwao pia wanapiga makofi. Hakuna aliyemwomba ushahidi.

"Ntarekebisha," Bi Shariffa alisema.

"Utamsifu?"

"Ntamsifu."

"Umsifu vizuri. Umpambe. Utaje na jina la ukoo. Velma Kagendo."

Jerusha aliondoka, na malalamiko yake rasmi yakafika kwa Mwalimu Nasriya kabla yeye hajafika kliniki.

"Nimesikiliza mara mbili," Mwalimu alisema kwenye simu. "Hii fainali, Bi Shariffa, au wodi ya majeruhi? Mtu akisikia hivi atakuja kutazama au kuzuru?"

"Wameniomba wenyewe."

"Mmoja hakuomba. Jumamosi utasema tena, mbele yao wote, kabla ya mchezo. Na uwe na la kusema, si huku kuugua. Akilalamika mama mmoja, mmoja tu, maiki inakwenda kwa mwalimu wa hesabu."

Jumamosi Bi Shariffa aliendesha gari kuvuka mlima kutoka Al Amerat, akijaribu sentensi mojamoja. Akimsifu Velma peke yake, wengine watasema kapendelea. Akiwasifu wote, Bi Zuwena atazimia. Akiwaponda wote, Jerusha atampigia pasta. Kila sentensi aliyoitunga ilimfurahisha mama mmoja na kumuua mwingine. Alipofika kwenye mteremko unaoingia mjini hakuwa na neno hata moja.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wasichana wa shule nane walikuwa wamesimama mistari kwa gwaride la kufungua, wote wamevaa viatu vya ukumbi. Siku hiyo Namuddu ndiye aliyevigawa, maana Bi Shariffa alikuwa juu, kwenye jukwaa dogo, na kipaza sauti mkononi. Kilikuwa kizito kuliko alivyokumbuka simu kuwa nzito.

Chini yake, mstari wa mbele, Bi Zuwena alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda. Bi Muzna alikuwa anahesabu tasbihi kwa kasi ya mtu anayemenya kitunguu thomu. Kati yao Jerusha alikuwa ameinua simu juu, anarekodi, na kwenye kioo cha simu kulikuwa na watu wa Meru wanaomwona moja kwa moja, mmoja wao amevaa tai.

Mwalimu Nasriya alikuwa ameketi kando, kalamu mkononi. Mwalimu wa hesabu alikuwa nyuma yake, anasafisha koo.

Bi Shariffa aliangalia nyuso zile zote akaogopa. Akafanya alivyofanya kila siku akiogopa: akaangalia miguu. Na miguu ikamtuliza. Pale chini hakukuwa na mtoto wa Zuwena wala mjukuu wa Muzna. Palikuwa na namba. Jicho, alijiambia, ni kama barua. Bila ya anwani halifiki.

"Wapendwa wazazi," alisema, na sauti ikatoka, ile ile, haikupungua hata tone. "Leo mie simtaji mtoto wa mtu. Ntawatajia viatu."

Tasbihi ya Bi Muzna ikasimama.

"Namba thelathini na sita. Anaachia mpira wake polepole, hata ukaweza kumaliza finjani ya kahawa. Lakini ukifika, hauachi kitu."

Wanawake mia moja na zaidi waliinama kwa pamoja, kama shamba lililopitiwa na upepo, wakaanza kusoma visigino. Thelathini na sita walikuwa wasichana tisa. Bi Muzna aliwahesabu mara mbili kwa kidole, akashusha pumzi: jicho lolote litakalokuja itabidi ligawanywe mafungu tisa, na fungu moja hata mbu hafi.

"Namba thelathini na tisa. Huyu akiachia mpira husikii mpira. Unasikia pini zikijuta."

"Huyo ni wetu!" Jerusha aliruka. "Thelathini na tisa ni Velma! Velma Kagendo, inua mguu! Inua, nyanya aone!"

Velma, amekufa kwa haya, aliinua mguu. Jerusha akapeleka simu mpaka kwenye kisigino, na kutoka kwenye simu ikasikika sauti ya mzee ikisema haleluya.

"Na namba thelathini na nane," Bi Shariffa alisema, sasa amekolea, amefumba macho kabisa. Namba hiyo ilikuwa ya Sabah tangu darasa la tisa. "Huyu ana mkono wa kulia ulionyooka kama neno la mtu mkweli. Hasira zake ziko karibu, lakini zikipanda ndo zinamzidisha uzuri. Akisimama mbele ya pini, pini zinajiuliza zimemkosea nini tena."

Ukumbi uliinama. Ukatafuta. Bi Zuwena alifumbua jicho moja akaangalia kisigino cha mwanawe: thelathini na tisa. Akafumbua la pili. Hakukuwa na thelathini na nane popote kwenye mistari. Mama mmoja alichuchumaa kabisa. Bi Shariffa alifumbua macho, akaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kuelekea upande mmoja, akafuata vinakoelekea.

Thelathini na nane alikuwa Mwalimu Nasriya.

Baadaye Namuddu alieleza. Viatu vya namba ile vilikuwa vimepelekwa asubuhi ile kubandikwa soli, imebaki jozi moja tu. Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika, akaichukua ili aweze kupita juu ya mbao. Sabah akapewa inayofuata pamoja na soksi nene. Lakini wakati ule hakuna aliyeeleza kitu. Mwalimu Nasriya aliangalia kisigino chake, akaangalia mkono wake wa kulia, ule wenye kalamu, akaugeuza huku na huku.

"Mimi?" alisema. Akatengeneza mtandio. "Sikujua kama watu wananiona hivyo."

Wasichana wa shule yake wakampigia makofi, hasa kwa lile la hasira.

Mchezo wenyewe ulikwenda haraka kuliko maneno. Thuraya aliachia mpira wake, na kweli mama mmoja alimimina kahawa, akanywa, akarudisha finjani. Velma alipiga straiki nne mfululizo, pini zote kumi kwa kila mpira. Sabah alikasirika, na hasira zilipopanda alipiga tano. Mwisho alimshinda Velma kwa pini tatu, Thuraya akawa wa tatu, na Mwalimu akampa Bi Shariffa karatasi ya kutangaza mshindi.

Kwenye karatasi hakukuwa na namba ya kiatu. Kulikuwa na jina, la baba na la babu.

Bi Shariffa aliinua macho. Bi Zuwena alikuwa amesimama, anatikisa kichwa taratibu, kidole mdomoni. Usimtaje. Nyuma ya Mwalimu, mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kupokea kipaza sauti, tayari kulisoma jina lile kama la aliyefeli.

Miaka ishirini na mbili Bi Shariffa aliunganisha watu wengine wazungumze. Leo ilikuwa zamu yake, na mtangazaji asiyeweza kutaja jina si mtangazaji.

"Kabla sijamtaja mshindi," alisema, "kila mwenye mdomo humu ndani aseme Mashaallah."

Ukumbi ukasema.

"Sijawasikia wa nyuma."

Wa nyuma wakasema. Jerusha akasema, akaongeza na Bwana asifiwe. Walio kwenye simu wakasema, kila mmoja kwa namna yake. Na kutoka nyuma kabisa, ndani ya ukuta, nyuma ya zile pini kumi zilizosimama kimya, ikatoka sauti nene ya mwanamume: "Mashaallah!" Wanawake wakapiga kelele, wakavuta mitandio, kisha wakakumbuka ni Kyeyune na chai yake, wakacheka mpaka wakaegemeana.

"Mara ya tatu," Bi Shariffa alisema, "na iwe inamwendea yeye, mwili wake wote: nywele, sauti na mkono."

Waliposema mara ya tatu, hata kama jicho lilikuwamo, lisingepata pa kupita. Hapo ndipo alipolitaja jina, lote, la baba na la babu, polepole, kila neno limesimama peke yake. Sabah alijishika uso. Bi Zuwena alisahau yote aliyoyaomba, akapiga vigelegele hata miwani ikamwanguka, na Bi Muzna akampokea kwa vyake. Jerusha alimkumbatia Velma, akamwambia yule wa tai kwenye simu kwamba nafasi ya pili si haba, wakali walikuwa wawili tu.

Mwalimu Nasriya alisubiri kelele zitulie, kisha akapanda jukwaani. Alipitisha macho mstari wa mbele, mama mmoja mmoja.

"Kuna malalamiko?"

Hakukuwa na lolote. Mwalimu wa hesabu aliteremsha mkono wake, akautia mfukoni.

"Jumamosi ijayo saa nane," Mwalimu alimwambia Bi Shariffa, "darasa la kumi. Na ile ya thelathini na nane... unaweza kunirekodia? Kwa kuiweka tu." Akanyoosha mkono. "Haya, nipe maiki tufunge."

"Ngoja kwanza," Bi Shariffa alisema.

Akatangaza kwamba kuna buibui limesahauliwa njia ya tano. Akatangaza kwamba halua ipo mezani na kahawa haijaisha. Akatangaza kwamba Kyeyune avumilie robo saa. Mwalimu alinyoosha mkono tena, na Bi Shariffa akageuka upande, akaangalia nje kupitia kioo cha mlango.

"Na mwenye gari jeupe lililoziba njia ya kutokea," alisema, "tafadhali akaliondoe."

Mwalimu Nasriya alipapasa mkoba wake kutafuta ufunguo, akateremka ngazi mbiombio. Bi Shariffa alihamisha kipaza sauti mkono wa pili, ule wa kwanza upumzike, akaangalia tena ukumbini kuona kama kuna lolote jingine ambalo watu walihitaji kuambiwa.